Dunia ya Baba Imekuwa Bapa

Jumamosi, saumu ya thelathini. Joto, na upepo umekata tangu asubuhi.

Bati la chumba changu linalia kila jua linapozidi, kama mtu anayejivunja vidole. Nimejilaza kwenye saruji kwa sababu ndiko kwenye ubaridi kidogo, simu iko kifuani, naandika kwa kidole gumba kimoja. Midomo imenikauka. Lakini si kiu inayonitesa. Kiu naijua, nimeishi nayo mwezi mzima.

Baba hasemi na mimi.

Tangu jana magharibi hajanitamkia neno, ila salamu moja ya wajibu. Daku alikula chumbani mwake. Adhana ya alfajiri leo imetolewa na kijana mwingine, sauti nyembamba isiyojua pa kuvuta pumzi, nami nikajifunika shuka gubigubi nisiisikie. Tangu nipate akili zangu, sauti inayoniamsha kwa sala ni ya Baba. Sasa mtaa wetu wa Junda mzima unajua kwamba nyumbani kwetu kuna jambo.

Sijui niandike wapi kama si hapa. Wanaosoma blogu hii ni wachache, na mmoja wao ni Karisa, ambaye ameshajua yote. Majina ya wengine nimeyabadilisha. Baba mwenyewe hawezi kuyasoma haya, na hiyo ndiyo sehemu ya habari inayoniuma zaidi. Nitafika hapo.

Baba ni fundi wa kanzu. Cherehani yake iko barazani, na wakati kama huu, Idd ikikaribia, baraza hujaa vitambaa vyeupe mpaka hatuna pa kuketi. Pia ndiye muadhini wa msikiti wetu mdogo, na ni mmoja wa wale wanaoteremka pwani ya hori, ule mkono wa bahari, kuutazama mwezi kila unapoandama. Junda imekaa vizuri kwa kazi hiyo. Maji yako upande wa magharibi, na jua hutua ng'ambo, kule Mikindani, juu ya minazi. Nilipokuwa mdogo alinibeba mabegani na kuniambia, "Usitafute mwezi, mwanangu. Tafuta mkwaruzo, kama mbingu imeparuzwa na ukucha." Nikautafuta mkwaruzo, nikauona, na watu wakacheka kwa furaha kwamba mtoto amewatangulia wazee.

Ni yeye pia aliyenifundisha kwa nini jua linatua na mwezi unaandama. Alichukua dafu, akaliweka mbele ya tochi, akalizungusha polepole. Hapa mchana, hapa usiku. Hapa Mombasa wanafuturu, hapa wengine bado wana njaa. Nilikuwa sijaanza hata shule. Mapenzi yangu yote ya falaki, na ndoto yangu ya kwenda chuo kusomea nyota, yametoka kwenye dafu lile.

Sasa Baba anaamini dunia ni bapa.

Nimeiandika sentensi hiyo kisha nikaifuta, nikaiandika tena. Nikiisoma inaonekana kama mzaha. Wallahi si mzaha.

Ilianza na mdahalo wa shule. Mwalimu wa Jiografia alitaka Kidato cha Nne tuchangamke, akatupa hoja: dunia ni bapa, si duara. Tukapiga kura ya pande. Mimi nikaangukia upande wa duara, rafiki yangu Karisa akaangukia upande wa bapa. Mimi sisemi mbele za watu. Nikiitwa kujibu swali darasani, masikio hunipata moto na maneno yananikimbia. Kwa hiyo nilikwenda kwa Baba. Nilimwambia anisaidie kujiandaa, tukawa tunakaa barazani jioni, yeye anashona, mimi nasoma hoja zangu kwa sauti. Siku moja nikasema, "Baba, bora tujue na wao watasema nini." Nikachukua simu yake, nikatafuta video ya watu wa dunia bapa, nikamwekea. Nikaenda kuoga.

Niliporudi alikuwa bado anasikiliza. Simu ilikuwa imeshamletea nyingine, na baada ya hiyo ikaleta nyingine.

Kwenye mdahalo nilitetemeka mpaka karatasi ikapiga kelele. Karisa alisimama kama mgombea kiti. "Mie nimetoka kwetu Kaloleni mpaka hapa Kisauni," alisema, "milima nimeiona, mabonde nimeyaona, mpindo sijauona! Na hao wanaokaa upande wa chini, wamegandishwa kwa gundi ama kwa nini?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Hata hivyo tulishinda kwa kura chache. Alinijia mlangoni akinipiga begani. "Yakhe, umenimaliza. Lakini ulivyokuwa watetemeka, nilidhani ni dunia yenyewe yazunguka."

Kwa Karisa yaliishia pale. Nilikimbia nyumbani kumwambia Baba kwamba tumeshinda, nikamkuta ameacha kushona.

"Mumeshinda kwa kura au kwa kweli?" akaniuliza.

Nilidhani ananitania.

Siku zilizofuata alinionyesha karai la maji. Aliliweka sakafuni akaniambia nimwonyeshe maji yamepinda wapi. Nilimwambia karai ni dogo, dunia ni kubwa. Akasema hilo ndilo jibu la kila asiye na jibu. Alisema Mungu ameitandaza ardhi kama mkeka. Nilimpelekea hoja hiyo Maalim Athmani, imamu wetu, naye akatabasamu, akasema mkeka hutandikwa palipo miguu yako, na kila aliyesimama popote duniani ana mkeka wake. Nikaipeleka kwa Baba nikitumaini atacheka. Akasema Maalim naye amesomeshwa na vitabu vya hao hao.

Ramadhani ilipoingia nilidhani nimepata ushahidi. Shangazi yangu anakaa Kisumu. Siku ya kwanza, sisi tulipokwisha kufuturu, nilimpigia simu na kuiweka kwa sauti. "Wanangu, nyinyi mwala, sisi huku jua lingali juu, msinitie tamaa!" alisema Shangazi. Nikamwangalia Baba. Baba akatafuna tende yake taratibu na kusema jua ni taa inayokwenda mbali, ikitoka kwetu inawafikia wao, na taa haihitaji dunia duara ili isogee. Nikamwambia taa ikienda mbali huwa ndogo, lakini jua linatua likiwa kubwa vile vile. Akaniambia macho yangu yamefundishwa.

Mtaani nako habari zikaenea. Ami Shee, jirani yetu mwenye tumbo na maneno, alikuja kupimwa kanzu ya Idd akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Fundi, kanzu yako ikate bapa ukitaka, lakini tumbo langu mie ni duara, utanibana!" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini niliona alivyobana pini midomoni. Baadaye nilimsikia mtoto wa chuo cha Qurani akimwita Fundi Bapa, nikampiga kofi. Mimi ambaye sijawahi kumpiga mtu.

Nikaamua kumpeleka Nyali, ufuoni, katikati ya Ramadhani, alasiri kweupe. Nilisoma kwamba meli ikienda mbali hutangulia kufichika chini, juu hubaki. Nilijua meli za makontena hutoka bandarini Kipevu na kuelekea bahari kuu, nikawa nazifuatilia kwenye simu mpaka nikapata moja. Tulikaa mchangani. Ilipita kubwa kama mtaa, ikaenda, ikaenda. Mwili wake mwekundu ukaanza kuzama. Makontena yakabaki, kama yanaelea bila chombo. Nikasimama kwa furaha. "Baba, tazama! Chini hakuna tena! Ile pale!"

"Wapi?" akasema.

"Pale, Baba, kwenye kidole changu."

Akatikisa kichwa, akakunja uso, akatazama. Lakini alikuwa akitazama mahali pengine kabisa. Alitazama bahari tupu, kushoto sana, na akasema, "Naona buluu tu. Hiyo meli imeingia kwenye ukungu."

Hapakuwa na ukungu. Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

Ndipo nilipojua. Kwa muda mrefu Baba ameniambia, "Nitilie uzi sindanoni, mwanangu, vidole vyangu vimechoka," nami nikamtilia na kuamini ni vidole. Nikakumbuka jinsi anavyopapasa kanzu badala ya kuitazama. Zile video pia huzisikiliza zaidi ya kuzitazama, simu ameiegesha kwenye cherehani, sauti inamwambia masikioni aamini macho yake mwenyewe.

Tulirudi nyumbani. Usingizi haukunijia mpaka daku. Asubuhi nilimfuata Mama jikoni nikamwambia.

"Najua," Mama alinong'ona bila kugeuka. "Alikwenda kupimwa, peke yake. Aliambiwa ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Watu hutolewa wakaona. Yeye aogopa kisu. Na wewe usimwambie kwamba wajua."

"Kwa nini, Mama?"

"Mshonaji akiambiwa haoni, atabaki na nini? Wacha asemwe kwa dunia bapa. Hilo watu hulicheka wakasahau."

Kwa hiyo nikanyamaza. Nikawa namtilia uzi, na akianza habari za mkeka na taa, nasema, "Naam, Baba." Nilitaka Ramadhani iishe kwa amani.

Jana ilikuwa ishirini na tisa.

Kuna nchi zilizoanza saumu siku moja kabla yetu, kama inavyotokea kila mara, kwa hiyo kwao jana ilikuwa thelathini na leo kwao ni Idd bila shaka yoyote. Baba aliposikia hivyo alisimama katikati ya baraza. "Mwezi ni mmoja," alisema, "na ardhi ni moja, imenyooka. Kama uko kwao, uko kwetu. Leo tutauona." Mimi nilikuwa nimeshatazama hesabu za falaki kwa siku nzima, nikazirudia kwa mkono wangu. Hapa kwetu mwezi ungetua ukiwa umeshikamana na jua, na hakuna jicho la binadamu ambalo lingeutenganisha. Wa mbali huko magharibi, jua lao likitua baada ya saa nyingi, wangeweza kuuona kwa sababu kufikia wakati huo ungekuwa umeliacha jua nyuma. Hilo haliwezekani ila dunia iwe duara. Nilimwambia kwa upole, "Baba, leo huenda usionekane."

"Hayo ni ya duara yako," akajibu, akavaa kofia.

Tukateremka horini. Walikuwapo watu wengi, na watoto, na Maalim Athmani na simu yake mkononi, kwa sababu ushahidi wowote ukipatikana yeye ndiye angeufikisha kwa Kadhi. Jua likazama ng'ambo. Adhana zikaanza kusikika, tukafungua saumu kwa tende tulizokuja nazo viganjani, na wote tukainua nyuso.

Muda ukapita. Anga ilikuwa ya rangi ya machungwa na tupu.

"Ule!" Baba akapaza sauti. "Ule pale, juu ya mnazi!"

Kila mtu akageuka. Kila mtu akatafuta.

"Fundi, huo si mwezi," akasema Ami Shee, "huo ni uzi umekuning'inia kwenye kofia!" Wengine wakacheka.

Baba hakucheka. "Wallahi nauona."

Kicheko kikakatika. Maalim akasogea. "Fundi, umeapa."

"Nimeapa."

"Haya. Wewe ni shahidi mmoja, na Idd yataka wawili. Kuna mwingine aliyeuona?"

Nilimwona Baba akigeuza kichwa, anatafuta. Macho yake yalipita juu yangu, yakaenda mpaka kwa mtu mwingine, yakarudi, yakapita tena.

"Mwanangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake.

"Labeka, Baba."

Akanyoosha mkono, akanipata bega. "Huyu ndiye mwenye macho," akawaambia watu, na sauti yake ilikuwa na fahari, ile ile ya zamani, ya siku za kunibeba. "Tangu mdogo huyu hutangulia kuuona. Sema, mwanangu. Wauona?"

Nilitazama. Naomba yeyote anayesoma haya aniamini: nilitazama kwa moyo wangu wote. Nilitafuta mkwaruzo. Nilimwomba Mungu hesabu zangu ziwe na kosa, nilimwomba aifanye dunia bapa kwa dakika moja tu, kisha airudishe. Juu ya mnazi palikuwa na kipande cha wingu kilichoshika mwanga wa mwisho, chembamba, kilichopinda kidogo. Huenda ndicho alichokiona. Kwa macho yale, huenda hata taa ya Mikindani ni mkwaruzo wa mwanga. Sidhani kama Baba alisema uongo. Baba hajawahi kuapa kwa uongo.

Mkono wake ukanibana bega. "Sema."

Nilifikiria kwamba nikisema ndiyo, Maalim atapiga simu, na kwa ulimi wangu watu watakula mchana wa siku ya saumu. Mama atakula. Shangazi Kisumu atakula. Na nikisema la, nitamvua Baba nguo mbele za watu wanaomwita Fundi Bapa.

"Siuoni, Baba."

Sauti yangu haikutetemeka. Maisha yangu yote natetemeka, na siku hiyo, mahali hapo, nikasema kama mtu anayesoma habari redioni.

Ami Shee aliangalia miguu yake. Maalim alisema kwa upole, "Basi tutakamilisha thelathini. Fundi, usijisumbue. Macho huchoka, si dhambi."

Nafikiri Maalim alikusudia wema. Lakini ndilo neno ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka mbele za watu, hata Mama jikoni alilisema kwa kunong'ona, na sasa lilikuwa limesimama katikati ya watu.

"Macho yangu hayana neno!" Baba akasema. "Huyu mtoto ndiye. Shule imemfumba macho. Akitaka dua ya mtihani wake na aende kwa Maalim, ampe na radhi pia."

Akageuka kuondoka. Njia ya kupanda kutoka horini ina mawe, na giza lilikuwa linaingia. Alijikwaa, akaenda magoti, na kofia ikaanguka. Nilikimbia kumshika mkono. Akaunyakua.

"Niache. Si wewe uonaye? Haya, ona."

Mama ndiye aliyempangusa mchanga. Baadaye tangazo likatoka kwamba mwezi haukuonekana, watu wafunge thelathini. Nilikuwa sahihi. Sijawahi kuwa sahihi kwa uchungu kiasi hiki.

Leo ndiyo hiyo thelathini.

Cherehani imefunikwa. Wateja wanakuja kuuliza kanzu zao, Mama anawaambia Fundi hajisikii vizuri. Mmoja alinong'ona kitu mlangoni na mwenzake akasema, "Hasha, usiseme hivyo." Sijui alisema nini na sitaki kujua. Kanzu ya Ami Shee inaning'inia bila mkono mmoja.

Asubuhi nilisimama mlangoni pa chumba chake. Alikuwa amelala ameelekea ukuta. Nikasema, "Shikamoo, Baba." Akavuta shuka mpaka sikioni. Nikangoja. Nikaanza upya, nikatoa salamu ya dini, kwa sababu hiyo ni wajibu kuijibu na Baba haachi wajibu. Akaijibu, lakini aliijibu kwa ukuta, na kwa sauti ndogo ya mtu anayelipa kitu asichokitaka.

Nilikaa nje ya mlango mpaka adhuhuri. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Nilitaka kumwambia kwamba mambo ya mviringo na bapa nimeyaacha, ajichukulie, dunia yote iwe mkeka akitaka, mimi nitakaa pembeni ya mkeka huo nikimtilia uzi. Karisa ameniandikia hivyo hivyo: "Yakhe, si umwambie tu ni bapa, iishe? Dunia haitakasirika." Kwa muda nilidhani Karisa amepata jibu. Kisha nikaona kwamba dunia si tatizo tena. Baba mwenyewe nadhani analijua hilo. Kwenye mdahalo mtu husema asichokiamini, wenzake wakacheka na kupiga kura. Jana niliombwa shahada, ushahidi mbele ya Mungu, na shahada haina upande wa kuchagua.

Lakini kwa nini basi ninajisikia kama mwizi?

Nadhani ni kwa sababu kila hoja niliyompa ilihitaji macho. Tazama meli, Baba. Tazama jua. Tazama kidole changu. Nilimwaga ushahidi mbele ya mtu ambaye kila siku alikuwa anapoteza kitu kidogo, uso wa mteja, tundu la sindano, ukingo wa baraza. Watu wa kwenye simu hawakumtaka aone chochote. Walimwambia alichokishika mkononi kinatosha. Nami nilitaka kushinda. Hata nilipogundua, nilinyamaza, nikauita unyamavu wangu heshima, mpaka siku alipouhitaji uongo wangu mbele za watu ndipo nikapata ulimi.

Ningesema naye mapema, peke yetu, kule Nyali mchangani, angalau hasira yake ingekuwa ya watu wawili tu.

Radhi. Neno hilo linanizunguka kichwani kama nzi. Mtihani wa mwisho unakuja na sijawahi kuingia hata mtihani mdogo bila mkono wake kichwani na dua yake. Mama anasema baba hamtupi mtoto kwa kusema kweli, atarudi. Lakini Mama alisema hivyo akiwa anakata vitunguu, na sikujua anafuta machozi ya nini.

Leo jioni kila mtu atauona mwezi. Utakuwa juu, mnene, hata mtoto wa chekechea atauonyesha kidole. Hatutahitaji shahidi. Watateremka horini kwa furaha tu, na Baba hatakwenda, na wataulizana kwa nini hayupo kisha watakumbuka.

Mimi pia sitakwenda.

Na kesho ni Idd. Baada ya sala, nyumbani kwetu kama nyumba zote hapa, wadogo huwaendea wakubwa, huinama, hubusu mkono, na kuomba radhi. Hakuna anayeuliza kosa ni lipi. Mkubwa hunyoosha mkono, mdogo huushika, basi, mwaka umefutwa. Kila mwaka nimekuwa wa kwanza. Kesho sijui hata kama atakuja sebuleni.

Nimekuwa nikipanga maneno tangu adhuhuri na yote nimeyafuta. Siwezi kusema naomba radhi kwa kusema sikuuona, kwa sababu nitakuwa nimesema uongo siku ya Idd, na yeye ndiye aliyenifundisha nisifanye hivyo. Naweza kuomba radhi kwa kunyamaza nilipojua. Hilo ni kweli. Nitamwambia, "Baba, najua kuhusu macho yako, nami nitakwenda nawe wanapotoa mtoto wa jicho, nitakushika mkono mpaka mlangoni na nitakungoja hapo." Nitalisema polepole, Mama hata akinikasirikia. Huenda atanifukuza. Huenda atanyanyua uso kuelekea sauti yangu, na mkono wake ubaki mapajani.

Akikataa kunyoosha mkono, nifanye nini?

Nimefikiri sana. Sitangoja anyooshe. Nitapiga magoti karibu kabisa, goti langu liguse goti lake, niuchukue mkono ule ule uliotoka begani kwangu jana, na niushike mpaka aseme neno lolote, hata la hasira. Karibu kiasi hicho, hawezi kusema hanioni.